Kiota cha Sagara

Harufu ya kambale wa moshi hunikuta popote. Wiki iliyopita ilinikuta soko la Tabora, nikiwa nimeinama nachagua nyanya. Mama mmoja nyuma yangu alifungua tenga lake, akaondoa majani aliyofunikia, na ile harufu ikapanda: moshi wa kuni mbichi, mafuta, na chini yake kabisa uvundo wa matope ya ziwa. Niliziacha nyanya zangu pale pale, muuza nyanya akabaki ananiita.

Nyumbani kwangu kambale hapikwi. Wajukuu wangu wanaamini ni mwiko wa ukoo, na mmoja wao aliwahi kuniuliza kama babu yetu mkubwa aliokolewa na kambale au aliliwa naye. Nimewaacha na imani yao. Ukweli unanihusu mimi peke yangu, na hakuna mtu aliye hai niliyewahi kumsimulia wote. Nyinyi mtakuwa wa kwanza.

Nilizaliwa Usinge, kando ya reli, siku za Waingereza. Baba alilima mihogo na mahindi, na nilipotimiza miaka kumi aliuza mbuzi wawili akanipeleka bweni kwa masista, Tabora mjini. Likizo za kiangazi nilirudi kwa treni, nikalala nyumbani siku mbili tatu, halafu nikapelekwa kwa dada yake, Shangazi Nyamizi, aliyekaa karibu na ziwa Sagara. Ulikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu katika pori la miombo, mbung'o wakituuma hata juu ya nguo. Kuna mahali njia hiyo ilipita juu ya barabara ya zamani ya misafara. Baba yao, yaani babu yangu, aliipita mara nyingi akiwa mpagazi, pembe ya ndovu begani, mpaka bega moja likawa chini kuliko lenzake. Shangazi alisema hata kaburini ilibidi wamlaze upande.

Shangazi alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Mumewe alimwachia nyumba ya udongo, kuku, na mtumbwi wa gogo moja uliokuwa mweusi kwa uzee. Wanawake wa pale hawakuwa na desturi ya kuendesha mitumbwi, na watu walisema sana, lakini yeye alisuka majamvi ya mafunjo, na mafunjo mazuri yako ndani ziwani. "Wanaosema na waje wanikatie," alikuwa akisema. Hakuna aliyekuja.

Basi tulitoka asubuhi ukungu ungali juu ya maji. Mimi nilikaa mbele, miguu ndani ya maji machache yaliyokuwa yakivuja siku zote, yeye akisimama nyuma na upondo. Sagara si ziwa la kufunguka machoni. Ni vichochoro vya maji kati ya kuta za mafunjo, na visiwa vinavyoelea ambavyo jana vilikuwa huku na leo viko kule. Sauti ilikuwa ya upondo kuingia matopeni na kutoka, na pua za viboko zikipuliza. Shangazi aliwaamkia viboko kwa heshima zote. "Shikamoo, mzee. Tunapita tu." Aliniambia kiboko hana ubaya ukimpa nafasi, anachochukia ni kushtushwa, na kwamba wapo watu wa namna hiyo pia.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama. Alinionyesha nzohe, yule swala wa majini, anavyozama akiona hatari mpaka zinabaki pua tu. Alinionyesha ndege wadogo wenye vidole virefu kama miguu ya buibui wanaotembea juu ya majani ya yungiyungi bila kulowana, na fisi maji wawili waliokuwa wakigombea samaki kama watoto wa mama mmoja. Macho yangu yalikuwa makali kuliko yake. Nikiona kitu nilinyoosha kidole bila kusema, naye akazuia upondo. Shuleni nilikuwa msichana wa matopeni, niliyechekwa kwa Kiswahili changu chenye Kinyamwezi ndani yake. Ndani ya ule mtumbwi nilikuwa mtu wa maana.

Tulipokata mafunjo ya kutosha, tulipitia kwenye kisiwa kimoja cha ardhi ngumu, ambako mvuvi mmoja alikuwa na kibanda na chanja ya kukaushia samaki. Jina lake Rajabu. Alikuwa Muha, Mwislamu, aliyetoka upande wa Ujiji, mrefu, mwenye kicheko kilichoanza kabla hajamaliza maneno yake. Yeye na Shangazi walitaniana tangu mbali.

"Nyie Wanyamwezi, bado mnabeba mizigo ya watu?"

"Nimekuja kukubeba wewe nikakutupe kwa mamba," Shangazi alijibu. "Lakini mamba nao wana haki zao."

Rajabu alitupatia kambale wa moshi, amefungwa kwa majani. Mimi aliniita "mwanangu" na kunichagulia mnofu usio na miiba. Walikaa wakizungumza mpaka jua likawa kali, nami nikivua vidagaa kwa kikapu. Siku tulizopitia kisiwani Shangazi alivaa kanga yake nzuri. Nilimuuliza kwa nini avae nzuri kwenda kukata mafunjo, akasema ile nyingine haijakauka. Nilimwamini, ingawa wakati ule wa mwaka hata chungu cha maji kilikauka kwa siku moja.

Ni Rajabu aliyetuonyesha kiota. Alitutangulia kwa mtumbwi wake, tukapita vichochoro viwili vyembamba, tukageuka kwenye kichuguu kilichoota mti mmoja uliopinda, halafu akatuashiria tuiname. Palikuwa na ndege nisiyewahi kumwona. Alikuwa mkubwa kama mtoto wa miaka sita, rangi ya majivu, amesimama kimya kabisa, na mdomo wake ulikuwa mpana na mnene kama kiatu cha padri. Siku hizi nimesoma kwamba jina lake ni korongo-nyangumi. Shangazi alimwita Mama Kiatu.

Kwenye majani yaliyolazwa palikuwa na mayai mawili. Jua lilipozidi, yule ndege aliinama, akachota maji kwa mdomo wake, akayamimina juu ya mayai polepole, kama mtu anayemwogesha mgonjwa. Akarudia, akarudia tena. Nilimgeukia Shangazi kumwonyesha, nikakuta anafuta macho kwa ncha ya kanga. Rajabu naye alikuwa akimtazama Shangazi, si ndege.

Tulikwenda pale mara nne likizo ile. Mara ya mwisho yai moja lilikuwa limepasuka, na kifaranga mwenye manyoya kama vumbi alikuwa akitikisa kichwa kilichomzidi uzito. Tulipokuwa tukirudi, Shangazi aliacha upondo akaniambia, "Mahali hapa tunapajua watu watatu. Mimi, Rajabu na wewe. Usimwambie mtu." Nikaapa kwa Bikira Maria, bila kuombwa.

Nilirudi shule. Wiki chache baadaye alikuja mgeni wa masista, mzungu mwembamba aliyekuwa akikusanya ndege kupeleka kwao. Jioni moja tulikusanywa ukumbini atuonyeshe picha zake. Alionyesha furukombe, alionyesha heroe, wasichana wakashangaa. Kisha akainua picha moja akauliza kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika kama kuna mtu amewahi kumwona huyu, maana yeye ametafuta miaka mingi hajampata. Alikuwa Mama Kiatu.

Nyuma yangu walikaa wale wasichana wa mjini walioniita wa matopeni. Sikumbuki kuamua. Ninakumbuka tu kwamba mkono wangu ulikuwa juu na kila mtu amenigeukia.

Nilisema yote. Nilisema habari ya kumwagia mayai maji, na yule mzungu akaweka picha zake chini, akavuta kiti akaketi mbele yangu. Sista aliniwekea mkono begani. Mgeni akanipa karatasi, akaniomba nichore njia, nami nikachora kwa ufundi wangu wote: kituo cha Usinge, ziwa, vichochoro viwili, kichuguu na mti wake uliopinda. Alinipa kijisanduku cha penseli za rangi kumi na mbili. Usiku ule hakuna aliyeniita wa matopeni. Nilitaka kuongeza kwamba hata siku iliyofuata hawakuniita, lakini waliniita.

Likizo iliyofuata, mwisho wa kiangazi, tuliingia majini na Shangazi siku ya pili tu baada ya mimi kufika. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. Alikuwa hajaenda kwenye kiota kwa mwezi mzima kwa sababu ya homa, akasema kifaranga sasa atakuwa mkubwa, tutakuta amesimama. Njiani aliimba. Mimi nilikaa mbele nikihesabu vichochoro.

Mafunjo yalikuwa yamekatwa kwa mapanga, njia pana, ya kupitisha mtu aliyebeba sanduku. Kiota kilikuwa kimekanyagwa mpaka maji yamepanda juu yake. Ndege mmoja mkubwa alikuwa amesimama mbali kidogo, kimya kama desturi yake. Mwenzake hakuwepo, wala kifaranga. Manyoya ya kijivu yalikuwa yameshikana na matope.

Shangazi aligeuza mtumbwi, tukarudi nchi kavu. Pale wanawake waliokuwa wakifua walitusimulia. Mzungu alikuja na watu wanne. Zilisikika risasi. Mtoto wa ndege alitiwa sandukuni, akapelekwa stesheni, akagonga mbao njia nzima. Kama alifika alikopelekwa, sikupata kujua.

"Aliuliza njia kwa nani?" Shangazi alisema.

"Hakuuliza," wakamjibu. "Alikwenda moja kwa moja, kama anakwenda kwake."

Nyumbani Shangazi alikaa kwenye kigoda, akanivuta nisimame mbele yake, akanishika viganja vyote viwili. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonishinda. Angenifokea, nadhani ningelia na kusema.

"Yustina, ulimwambia mtu yeyote?"

"Hapana, Shangazi."

"Hata shuleni? Hata kwa kusahau?"

"Hapana."

Aliniachia mikono. Akasema polepole, kama anayefikiri kwa sauti, "Basi tumebaki wawili."

Sikuogopa kupigwa. Shangazi hakuwahi kunipiga. Niliogopa kwamba hatanichukua tena mtumbwini, na kwamba hakuna tena mahali duniani ambapo ningenyoosha kidole na mtu akasimamisha chombo. Kwa ajili hiyo nilimwacha aamini alichoamini.

Rajabu hakuwepo ziwani siku zile. Alikuwa amekwenda kwao Ujiji. Siku tatu baadaye akarudi, akaja nyumbani mchana kweupe, amevaa kanzu. Mkononi alikuwa na doti ya kanga mpya na kibuyu cha mawese. Mimi nilikuwa uani nikitwanga. Shangazi alimpokea kwa maneno machache, akapokea vile vitu kwa sababu kukataa mlangoni ni kumvunjia mtu heshima, na Rajabu akaondoka akiwa amesahau kucheka. Shangazi alizitazama zile kanga kwa muda mrefu. Zilikuwa za bei. Nilimwona akizikunja upya, kwa mikunjo yake ile ile.

"Mpelekee," akaniambia. "Mwambie nimeshukuru."

"Nimwambie nini tena?"

"Basi. Hakuna kingine."

Nilimkuta Rajabu kwenye gati ya mitumbwi, anafungua kamba. Alipoona nilichobeba aliziacha kamba zikaanguka majini. Nikampa. Nikasema Shangazi ameshukuru.

"Nimekosa nini, mwanangu?"

Nikainama kuzitoa kamba majini.

"Amesema nini? Niambie wewe, yeye hataniambia." Sauti yake ilikuwa imeshuka, kama mkubwa anayezungumza na mkubwa mwenzake. "Ni dini? Ni kwa sababu mimi si Mkristo?"

Mngekuwa pale mngeona jinsi jambo lile lilivyokuwa rahisi. Sikuhitaji hata kufungua mdomo. Nilitikisa kichwa kukubali.

Rajabu akavuta pumzi. "Haya," alisema. Akaniwekea mkono kichwani, akanibariki, mimi, akaingia mtumbwini. Hakuacha kibanda mara moja, lakini mvua za kwanza zilipoanza watu walisema amehamia Uvinza, kwenye kazi za chumvi.

Shangazi aliendelea kunichukua majini. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka. Lakini hatukupita tena kisiwani, na hakuwaamkia tena viboko, aliwapita tu. Nikiona kitu sikunyoosha tena kidole kila mara. Nilimaliza likizo mbili zaidi, halafu nikaanza kupata sababu za kubaki Usinge: kuvuna, masomo, mafua. Penseli za rangi nilizitupa chooni kwa masista, moja moja, isipokuwa ya bluu, ambayo msichana mwenzangu aliiomba. Niliungama kwa padri habari ya kusema uongo. Alinipa Salamu Maria tatu na kuniambia nimwambie niliyemkosea. Salamu Maria nilizisali.

Nikasoma unesi. Uhuru ukaja. Nikaajiriwa Tabora, nikaolewa, na wakati nikimsubiri mtoto wangu wa kwanza, Shangazi alikuja kwangu Kitete, pale pale Tabora, kunisaidia. Alikuwa amenenepa kidogo na meno mawili yameng'oka. Alasiri moja tumekaa barazani, yeye akichambua mchicha, ndipo nikafikiria habari ya kupokelewa mtoto wangu na mikono ile, nikashindwa. Nilimwambia. Nilimwambia habari ya picha, ya ukumbi, ya ramani, na ya penseli.

Shangazi aliacha mchicha. "Sema tena," alisema.

Nikasema tena.

"Basi Rajabu hakumwambia mtu."

"Hakumwambia."

Alikaa akiitazama barabara. Nilidhani atasema juu ya ndege. Miaka yote ile nilikuwa nikiwabeba wale ndege: yule wa risasi, yule aliyebaki amesimama, yule wa sandukuni. Ni pale, nilipouona uso wake, ndipo nilipojua kanga ile nzuri ilivaliwa kwa nini, na kwamba mafunjo mazuri yalikuwapo mengi tu karibu na nchi kavu. Nilikuwa mke wa mtu, nina mimba ya miezi minane, na bado ilinibidi niambiwe na uso wa shangazi yangu.

Alikaa mpaka nikajifungua, akanikanda, akamwogesha mtoto siku arobaini. Kisha akaomba apelekwe stesheni. Nilidhani anarudi kwake, lakini alishuka Uvinza. Alimkuta Rajabu yupo, ana mke na watoto watano, mvi kichwani, kifua kimeharibika kwa moshi wa kuchemshia chumvi. Mkewe alimpikia wali. Shangazi alimwomba radhi mbele ya mkewe, kwa kumdhania jambo ambalo hakulifanya.

Haya alinisimulia mwenyewe, aliporudi kwangu wiki mbili baadaye. Alisimulia akiwa amesimama mlangoni, mzigo ungali kichwani, naye hakunitazama.

"Hakuwa anajua nilimdhania nini," alisema. "Kwamba chanzo ni wale ndege, alisikia kwangu tu. Yeye miaka yote alijua nimemkataa kwa ajili ya dini. Akaniambia, 'Ungeniambia wewe mwenyewe ningebishana nawe, ningekwenda hata kwa padri wako. Lakini uliniambia kwa kichwa cha mtoto, nikaona hunioni nastahili hata neno.'"

Mtoto alianza kulia ndani.

"Lile la kwanza uliniambia," Shangazi alisema. "Hilo la pili hukuniambia."

Nilisubiri aongeze. Kungekuwa na maneno mengi ya kuongeza. Aliushusha mzigo, akaingia ndani, akamchukua mtoto, akambembeleza mpaka akanyamaza. Halafu akaniomba maji ya kuoga, kwa sababu treni ilikuwa na vumbi.

Aliishi nasi miaka kumi na tisa, mpaka mwisho wake. Hakulitaja tena jambo lile, wala mimi sikulitaja. Miguu ilipomshinda nilimbeba, na alipopofuka nilimlisha, nilimwogesha, nilimtoa nje jioni akae penye upepo. Majirani waliniona. Siku ya mazishi mzee wa kanisa alisimama akasema kwamba ni nadra siku hizi kumpata mtu aliyempenda shangazi yake namna ile, kupita watoto wengi wanavyowapenda mama zao waliowazaa, na kwamba vijana watazame kwangu. Watu waliitikia. Wengine walikuja kunishika mkono.

Ni kweli nilimpenda. Lakini wapo watu ambao angewazaa wamlishe, na mtu mmoja ambaye angekaa naye penye upepo, na mahali pao nilikuwa nimekaa mimi. Niliinamisha kichwa, nikapokea pole zao na sifa zao, na sikumsahihisha mtu.